Visiwa vya Mchanga vya Florida na Waokota Makombe

Msomaji akifungua ramani ya Marekani na kuufuata kwa kidole mwambao wa kusini-mashariki, ataona kando ya bara mstari wa visiwa vyembamba na virefu, vimelala sambamba na pwani. Hivi si visiwa kama Unguja, ambayo sehemu kubwa ya ardhi yake ni mwamba wa matumbawe ya kale. Hivi ni mchanga mtupu. Huitwa visiwa vya kinga, kwa maana hupokea mapigo ya mawimbi kabla hayajafika bara. Kati yake na bara hubaki maji matulivu yenye kina kifupi, ambamo mikoko huota na samaki wadogo hukulia.

Nataka kueleza habari za visiwa vitatu tu: Sanibel, Captiva na Cayo Costa, vilivyo upande wa magharibi wa jimbo la Florida, katika Ghuba ya Meksiko. Watu hutoka mbali, wakalipa nauli ya mashua, ili nahodha awaongoze kutazama wanyama na kuokota makombe ufuoni. Kijana wa Pangani au wa Lamu akisikia hivyo pengine atacheka, kwani kwake kombe ni kitu cha kukanyaga. Lakini nyuma ya safari hizo ipo elimu, tena ipo sheria, na yote mawili yatuhusu sisi tulio na bahari yetu.

Kwanza tuulize, kwa nini makombe yawe mengi pale kuliko mahali pengine? Jibu ni umbo la Sanibel. Visiwa vingi vya upande ule hulala kutoka kaskazini hata kusini. Sanibel peke yake imejipinda ikalala mashariki kwa magharibi, mfano wa upawa uliotegwa majini. Mkondo upitao kando ya pwani hubeba mchanga na makombe, ukagonga upawa huo, ukatua mzigo wake. Pamoja na hayo, sakafu ya bahari hushuka polepole sana, na mbele yake hakuna mwamba wa matumbawe wa kuyavunja makombe njiani. Basi hufika pwani mazima. Wenyeji wanalo jina la mkao wa mtu atembeaye huku amepinda mgongo na macho chini: huuita kuinama kwa Sanibel.

Wakati mzuri wa kuokota ni maji yanapokupwa, hasa baada ya tufani. Hapo msomaji asifikirie bamvua letu. Kwetu Unguja maji ya bamvua hupanda na kushuka kama mita 4, hata mtu akatembea mbali sana kwa miguu pale palipokuwa na bahari asubuhi. Katika Ghuba ya Meksiko tofauti hiyo mara nyingi haifiki mita moja. Kwa hiyo nahodha wa kule hutazama upepo zaidi ya mwezi. Siku za baridi, upepo mkali wa kaskazini-magharibi ukiisha kuvuma, ndipo hung'oa nanga mapema.

Sanibel ina daraja tangu mwaka 1963, na mtu aweza kufika kwa gari. Cayo Costa haina daraja. Ni hifadhi ya jimbo yenye ufuo wa kilomita 15 hivi, na njia ya kwenda ni majini tu. Nahodha achukuaye abiria wa kulipa hana budi kuwa na leseni ya Walinzi wa Pwani wa Marekani. Naye si mwendesha mashua tu. Ndiye mwalimu wa siku hiyo. Huonyesha furukombe juu ya tundu lake la vijiti, na mwari wanaojitupa majini kama jiwe. Pomboo huja wenyewe, maana hupenda kurukaruka katika mawimbi yaachwayo na mashua. Kuwalisha ni marufuku kwa sheria ya mwaka 1972 ilindayo wanyama wanyonyeshao wa baharini. Pomboo aliyezoea kulishwa huacha kuwinda, tena huzifuata mashua mpaka akakatwa na rafadha.

Yuko mnyama mmoja ambaye sisi wa pwani hii tungemtambua mara moja. Ni mkubwa, mnene, mpole, mla majani ya baharini, na hunyonyesha mtoto wake. Ni ndugu wa nguva wetu. Tofauti iliyo wazi iko mkiani: mkia wa nguva umegawanyika kama wa nyangumi, na wa mnyama wa Florida ni mviringo kama kafi. Yeye havumilii baridi. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20, hukimbilia chemchemi na mahali penye maji ya moto. Adui yake mkubwa ni mashua ziendazo kasi. Wengi wana makovu ya rafadha mgongoni, hata wataalamu huwatambua mmoja mmoja kwa makovu hayo, kama mfugaji ajuavyo ng'ombe wake kwa chapa. Kwa sababu hiyo ziko sehemu ambazo nahodha lazima aende polepole, hata abiria wake wakinung'unika. Nguva wetu wamekuwa wachache kuliko hao. Waliosalia Tanzania huonekana hasa baina ya Rufiji na Kilwa, na hatari yao kubwa ni nyavu.

Sasa tuje kwenye makombe yenyewe. Kombe ni nyumba. Mnyama laini huijenga mwenyewe kwa chokaa aichujayo katika maji, na akifa huiacha. Aokotaye nyumba iliyoachwa hamdhuru aliyeijenga. Lakini kombe lililokaa juani na kusuguliwa na mchanga hufifia rangi, na mpenda urembo hulitaka lile linalong'aa. Hapa ndipo penye shida, maana linalong'aa mara nyingi lina mwenyewe ndani. Tuchukue simbi, ambayo wengi wetu twaijua. Simbi hung'aa kwa sababu mnyama wake hutoa nyama laini na kulifunika gamba lote kwa nje, akilipaka na kulilinda. Akifa, ulinzi huo umekwisha. Basi mtu aonapo mezani pa mchuuzi simbi mia zenye kung'aa kama kioo, na ajue kwamba nyingi kati yake zilitwaliwa hai na kuchemshwa au kufukiwa.

Sanibel iliamua jambo hili kwa sheria. Tangu mwaka 1995 ni marufuku kuchukua kombe lililo na kiumbe hai ndani yake. Na haitoshi kwamba mjenzi wake amekufa; kaa mdogo ambaye hana gamba lake na huhamia katika kombe tupu, naye anahesabiwa mwenye nyumba. Kiti cha pweza ni marufuku vile vile. Kiongozi mwema hufundisha haya kabla mgeni hajashuka majini: geuza kombe, tazama mlangoni, subiri kidogo. Ukiona kifuniko kigumu kimeziba, au mguu, au makucha, lirudishe taratibu pale pale. Kwa maoni yangu somo hilo la dakika chache lina faida kuliko kibao cha makatazo, kwa kuwa mgeni akiisha kumwona kaa akichungulia kwa macho yake mwenyewe, hahitaji askari.

Makombe yenyewe ni ya namna nyingi. Liko moja kubwa lililochaguliwa kuwa alama ya Florida mwaka 1969. Laweza kupita nusu mita kwa urefu. Liko jingine ambalo mlango wake uko mkono wa kushoto, hali karibu konokono wote wa bahari wana mlango kuliani. Litafutwalo kuliko yote ni junonia, jeupe lenye madoa ya kahawia. Mnyama wake hukaa kwenye kina kirefu, na ni nadra kutupwa pwani.

Isidhaniwe kwamba faida ya makombe iligunduliwa na watalii. Kabla ya Wazungu kufika, nchi ile ilikuwa ya Wakalusa, wavuvi hodari ambao hawakulima nafaka. Kwa kukosa mawe magumu walitengeneza nyundo na vyombo vyao kwa makombe, na vilima walivyovijenga kwa makombe vingali vyaonekana leo. Wao wenyewe walikwisha katika karne ya 18 kwa maradhi, vita na kukamatwa utumwa. Na kwetu pia kombe lilikuwa mali. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walipakia simbi za pwani yetu katika merikebu zao na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha. Zikaletwa nyingi hata thamani yake ikaanguka. Waganda hata leo huita fedha ensimbi.

Limebaki jambo moja, nalo ni kwamba kisiwa cha mchanga hakikai mahali pamoja. Tufani ya mwaka 1921 iliikata Captiva vipande viwili, na mashua hupita mpaka leo katika mlango uliofunguka siku ile. Tarehe 28 Septemba 2022 tufani iliyoitwa Ian ilitua Cayo Costa kwenyewe, kwa upepo wa kilomita 240 hivi kwa saa. Ilivunja nyumba, ikakata njia ya daraja la Sanibel mahali kadha wa kadha, na watu wengi wa Florida wakafa. Njia ilifunguliwa tena mwezi wa Oktoba kwa matengenezo ya muda. Mahali palipokuwa na majani na mikoko yenye mizizi, mchanga hushikwa. Mahali palipofyekwa ili nyumba itazame bahari, huchukuliwa kwa urahisi. Baada ya maji kutulia, makombe yalionekana mpaka katika barabara na nyua za watu.