Ticha wa Fizikia naye ana la kusema kuhusu mvua

Mtupie swali denti yeyote wa Arusha anayegombea daladala pale Kilombero: mabadiliko ya tabianchi ni nini? Atakushushia jibu kama kaseti: gesi, viwanda, kukata miti. Kalipata wapi? Jiografia. Pindi likiisha daftari linafungwa, Mlima Meru unabaki pale pale dirishani.

Kwani mvua inanyeshea Jiografia peke yake?

Ticha wa Kemia ana gunia la mkaa. Kilo 12 za kaboni zikiungua sawasawa zinatoa kilo 44 za kabonidayoksaidi, mlinganyo ule ule anaouandika ubaoni kila mwaka. Wa Hisabati aachane na maembe ya Juma: jirani yetu Kilimanjaro alikuwa na barafu ya kilomita za mraba kama 12 mwaka 1912, kufika 2011 hazikutimia hata 2. Haya, tafuta asilimia iliyoyeyuka. Wa Kiswahili naye aeleze kuwa hali ya hewa ni ya leo, tabianchi hupimwa kwa miaka kama 30, maana hata wakubwa wanachanganya.

Ila mwenye deni kubwa, kwa maoni yangu, ni wa Fizikia. Aprili 12, 2024 gari la shule lilisombwa na mafuriko korongoni huko Muriet, watoto wakafa maji. Kweli, mvua moja huwezi kuibebesha tabianchi lawama zote, na msimu ule El Nino nayo ilikuwamo. Lakini hewa ikiongezeka joto nyuzi 1 inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia kama 7, na ikiuachia, unashuka kwa fujo.

Halafu yupo Archimedes. Madenti wanaikariri kanuni yake kwa kijiwe na kopo la maabara. Gari nalo ni kijiwe tu: maji yanalinyanyua, tairi zinakosa kushika ardhi, mkondo unalisukuma. Maji yanayokimbia, kina sentimita 60 tu, yanatosha kubeba magari mengi.

Maticha watasema silabasi ndefu, mtihani wa taifa hauulizi korongo. Sawa. Mimi naomba dakika tano na rula ya sentimita 30, ipimwe mara mbili ukutani, ichorwe alama ya chaki. Denti akiona maji yamefika pale, hata kama dereva ana haraka zake, apaze sauti: "Anko, simama hapa hapa!"