Mtaro wa Lubigi na chumba unachotaka kupanga

MTANGAZAJI: Leo nasema na wewe uliye Nakivale au Kyangwali na unafikiria kupanga chumba Kampala.

Kampala ni vilima. Maji ya mvua huteremka mabondeni, na huko ndiko kodi ilivyo nafuu. Bwaise ni bonde hasa. Mamlaka ya jiji, KCCA, kwa fedha za Benki ya Dunia, ilipanua mtaro mkubwa wa Lubigi unaopita hapo. Dalali atakuonyesha mtaro akuambie mafuriko yamekwisha. Usimkubalie haraka.

Kwenye ramani mtaro ni mstari tu. Haulindi kila nyumba iliyo karibu nao. Nyumba inapona ikiwa mfereji wake mdogo unafika mtaroni bila kuziba. Mtaro ukijaa mchanga na chupa za plastiki, maji hurudi nyuma, na waliokuwa salama wanalowa.

Kule Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwatuma wanafunzi wa chuo na wakazi wakapita mtaani kuchora mifereji na kuuliza maji yalifika wapi. Fanya hivyohivyo. Muulize mama anayeuza mkaa jirani, si dalali. Tazama mstari wa matope ukutani. Mlango wenye kizingiti kirefu cha saruji nao unasema: mwenyewe hakukijenga kwa urembo!

Ukiweza, kakione chumba baada ya mvua kubwa, kabla hujatoa kodi ya miezi mitatu.