Kando ya Ziwa Kivu na watoto: mbao zinazoelea, na mashimo ya mazuku

Wamama wenzetu, kutembea kando ya ziwa hakuombi pesa nyingi wala viatu vya bei. Ukitoka Goma kuelekea Sake, njia za miguu zinashuka mpaka majini katikati ya migomba na mawe meusi ya volkano. Mtoto wa miaka mitano anaziweza, na bibi mwenye fimbo pia. Kundi letu tunazipenda siku ya Jumapili, baada ya ibada.

Watoto wanachopenda zaidi ni gati za mbao zinazoelea juu ya mapipa matupu, pale pirogi zinapopakua mizigo. Ukikanyaga, mbao zinashuka kidogo kisha zinakuinua. Kutoka hapo mnaona pirogi tatu tatu zilizofungwa pamoja kwa miti mirefu: ndizo za wavuvi wa sambaza. (Sambaza wenyewe si wenyeji. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, nasi leo tunawapika kama urithi wa mababu!)

Juu ya mbao tunapita mmoja nyuma ya mwingine, bila kujaa upande mmoja. Mtoto anashikwa kifundo cha mkono, maana vidole vinateleza. Na mama mwenye mtoto mgongoni asipande: akianguka, kikwembe kinamfunga mtoto ndani ya maji. Amfungue kwanza, amwachie mwenzake ufukoni. Ziwa letu halina mamba wala kiboko, na hilo linatufanya tulizoee mno. Hatua chache tu kutoka ukingoni, maji yanaweza kuwa marefu kuliko mtu mzima.

Lakini hatari inayotusumbua zaidi iko kwenye nchi kavu, kabla ya kufika kwenye gati. Ni mazuku. Hewa hiyo inatoka ardhini katika nchi hii ya volkano. Ni gesi ya kaboni, nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inalala chini kwenye mashimo na mabonde madogo. Haionekani. (Iko pia gesi nyingi iliyofungwa chini kabisa ya Ziwa Kivu, lakini hiyo ni habari nyingine, msizichanganye.) Fikirieni urefu: mama anapita akiwa na kichwa juu ya ile hewa, na mtoto wake anayemfuata kwa miguu ana pua ndani yake. Mbuzi naye hivyo hivyo. Ndiyo maana mtoto anaweza kuanguka mahali ambapo sisi hatukusikia kitu.

Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, mazuku inajaa. Jua na upepo vinaipunguza, ingawa kuna mashimo ambayo hata mchana si salama. Mkiona wadudu, ndege au panya wamekufa pamoja kwenye shimo, rudini. Kuna mahali pamewekwa vibao vya hatari; kukosekana kwa kibao hakumaanishi pako salama. Waulizeni wenye mashamba, wao wanayajua mashimo yao. Na watoto wasiachwe kujisaidia bondeni wala kufuata mpira huko.

Mtoto akianguka ndani ya shimo, moyo wa mama utasema ruka. Usiruke. Wako waliokufa hivyo, mmoja akimfuata mwingine. Piga kelele watu waje, mtafute kamba au mti mrefu wa kumvutia, kisha mpelekeni mahali palipoinuka penye upepo, na moja kwa moja hospitalini hata kama amefungua macho.

Jumapili ijayo tunatoka saa tano, si alfajiri kama wengine walivyoomba. Kila mtoto awe na mtu mzima wake anayejulikana kwa jina kabla hatujaondoka. Chakula tutakula juu, kwenye mawe, siyo chini kwenye kivuli cha bonde, hata jua likiwa kali. Mwenye kamba nyumbani aje nayo.