Metali Ileile, Sumu Tofauti
Viumbe wa maji baridi huihitaji shaba kwa kiasi kidogo mno. Ikizidi, ioni zake huru hunata kwenye matamvua ya samaki na kuvuruga ufyonzaji wa sodiamu, madini ambayo mwili hauwezi kuyakosa. Kemikali zinazokamata metali, kama EDTA, huzizingira ioni hizo. Hivyo dafnia, mnyama mdogo wa majini, huweza kusalimika katika maji ambayo yangemuua. Hata hivyo, si kila kifungo ni kinga. Baadhi ya ditiokabamati huunda na shaba kiwanja kiyeyukacho katika mafuta, kikapenya utando wa seli kwa wepesi zaidi. EDTA nayo huvunjika polepole, na huweza kuziibua metali zilizotulia topeni. Basi mpimaji wa maji asitosheke na kujua kiasi cha metali. Achunguze pia imefungamana na nini.