Gonga jiwe kabla ya kulipa: somo la Kibera na Kawangware

Sisi watu wa Pwani jiwe letu ni tumbawe. Ndilo lililojenga Fort Jesus na nyumba za Mji wa Kale, na asili yake ni baharini. Ukipanda Nairobi hesabu inabadilika. Mawe ya kule yamezaliwa na moto, na hayakuzaliwa kwa njia moja.

Nililijua hili Kibera, nilipokwenda harusini kwa rafiki yangu Mnubi. Babake ni fundi mwashi aliyestaafu. Tukiwa uani tunangojea pilau, nilimwuliza kwa nini mawe ya ukutani ni ya kijivu na kokoto za njiani ni nyeusi. Hakunijibu. Aliokota moja la kila aina akayagonga kwa nyundo. Jeusi lilitoa mlio mkali kama kengele. La kijivu lilitoa sauti nzito, kama unayegonga boga.

"Yote ni ya volkano, mwanangu," akasema, "lakini kazi zake si moja."

Lile jeusi huitwa fonolaiti, jina lililotokana na Kigiriki, maana yake jiwe la sauti. Lilikuwa uji wa moto, yaani lava, uliotoka upande wa Bonde la Ufa na kutiririka kuelekea mashariki kiasi cha miaka milioni 5 iliyopita. Uji ule ulipopoa ulishikana ukawa kitu kimoja kigumu. Ndiyo maana unalia ukiugonga, na ndiyo maana husagwa kuwa kokoto za zege na za barabara.

La kijivu ni tufu. Hili halikutiririka. Gesi iliyobanwa ndani ya volkano ililipuka, ikarusha majivu na vipande vya mawe mepesi angani. Vikaanguka, vikarundikana juu ya ile fonolaiti ya zamani, na baada ya muda vikagandana. Kwa kuwa limetokana na majivu, jiwe hili ni laini, linachongeka kwa patasi na kukatwa matofali yaliyonyooka. Nyumba nyingi za Nairobi kuta zake ni hizo. Lakini lina vitundu vidogo vidogo, na linafyonza maji.

Kesho yake nilipanda matatu hadi Kawangware kumjulia hali dadangu, binti wa khalati, anayejenga vyumba vya kupangisha vya ghorofa. Mlangoni pake nilikuta rundo la kokoto za bei nafuu, zimemwagwa asubuhi ile. Nikaazima nyundo ya fundi. Nilichagua mawe kumi, manne tu ndiyo yaliyolia. Yaliyonyamaza tukayatia katika ndoo ya maji, yakatoa viputo. Fundi aliinamisha kichwa. Alikuwa anajua.

Mwenye kuuza alisema mawe ni mawe. Si kweli. Katika zege, kokoto ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya uzito. Zikiwa laini zitapasuka hata kama saruji ni nzuri, na zikinywa maji huharibu kipimo cha mchanganyiko. Nguzo hiyo ndiyo itakayobeba vitanda vya watoto wa watu.

Dada alizikataa kokoto zile. Arbuni yake haikurudi, na kazi ilisimama wiki mbili akitafuta pesa nyingine. Alilia, na mimi sikuwa na la kumwambia ila subira.

Silisemi vibaya tufu. Ukutani, mahali pakavu, ni jiwe jema. Kosa ni kulipa kazi ya mwenzake. Wala sikio si maabara: ukijenga ghorofa, mpe mhandisi sampuli azipime kabla hujamwaga zege.

Lakini siku lori linapofika, ndugu yangu, mhandisi huenda hayupo. Nyundo ipo. Gonga kwanza, lipa baadaye.