Nasaba ya Mti: Alama za Vinasaba na Utambuzi wa Miti ya Tropiki

Mgeni anayezuru mtaa wa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, hakosi kusimama mbele ya milango ya nakshi. Akiuliza imetengenezwa kwa mbao gani, ataambiwa kwamba huu ni msaji na ule ni mvule. Jibu hilo huishia kwenye aina. Lau angeuliza ni mvule upi, ulioota msitu gani, hapangekuwa na wa kumjibu. Makala haya yanakusudia kufafanua jinsi sayansi inavyolishughulikia swali hilo la pili, na kwa nini lina uzito kwetu.

Istilahi yenyewe inatusaidia. Kinasaba ni neno lililotokana na nasaba. Watu mia huweza kuitwa Ali, bali nasaba, kwa baba na kwa mama, humtenga Ali huyu na Ali yule. Mti nao ni vivyo hivyo.

Ndani ya seli za mti mna uzi mrefu wa DNA unaosomwa kwa herufi nne: A, T, G na C. Katika baadhi ya sehemu za uzi huo, herufi chache hurudiwarudiwa, mathalani CACACACA. Mti mmoja waweza kurithi marudio 9 kutoka kwa mzazi mmoja na 14 kutoka kwa mzazi wa pili. Jirani yake akawa na 11 na 12. Sehemu moja haitoshi, kwani miti mingi hulingana hapo. Zikilinganishwa sehemu 10 au zaidi, ni nadra mno miti miwili kuafikiana katika zote, isipokuwa iwe imechipuka kutoka shina moja.

Kuunda alama hizo kuna hatua zake. Kwanza, watafiti husoma DNA ya miti michache ya aina husika na kutafuta penye marudio. Pili, huunda vipande vifupi vinavyonata pande mbili za sehemu hiyo ili iweze kunakiliwa mara nyingi katika maabara. Tatu, huijaribu kwa miti ya misitu mbalimbali. Sehemu isiyotofautiana huachwa. Mwisho, huhakikisha kwamba inasomeka katika mbao pia, wala si katika jani bichi pekee. Hapo ndipo penye ugumu. Seli za kiini cha gogo zimekwisha kufa na DNA yake imekatikakatika, na joto la kukaushia mbao huzidisha uharibifu. Mlango mkongwe wa Kibokoni huenda usitamke lolote.

Hata hivyo, manufaa yake ni makubwa. Mwizi huondoka na gogo, lakini kisiki hubaki. Mwaka 2021, katika mahakama ya Tacoma nchini Marekani, DNA ya mbao zilizouzwa ililinganishwa na masalio ya miti iliyokatwa katika msitu wa Olympic, na mshtakiwa akapatikana na hatia. Nasi hatuko mbali na mambo hayo. Mwaka 2014, makontena ya magogo ya thamani kutoka Madagaska, ya jenasi moja na mpingo wetu, yalinaswa katika bandari ya Mombasa. Gogo lisilo na majani haliwezi kujieleza kwa macho.

Lakini alama hazina kazi pasipo kumbukumbu ya kulinganishia, na sampuli sharti ichukuliwe kabla ya shoka kufika. Katika misitu ya kaya za Wamijikenda, ambayo baadhi yake iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, hakuna jani litakalochumwa pasipo ridhaa ya wazee. Ridhaa ya kweli hutokana na ufahamu, nao ufahamu huhitaji lugha. Mtafiti atakapobisha hodi kayani, mzee akamuuliza anataka nini kwa mti wake, jibu liwepo tayari kwa Kiswahili: tunataka kuandika nasaba yake, ili akiibwa, ajulikane ni wa wapi.