ASKARI WA MAPAFU YAKO

Ndugu mchimbaji, nawe mama unayetwanga mawe ya dhahabu huko Misisi, Fizi: je, wajua ya kwamba mwili wako una askari wasiolala mchana wala usiku? Waganga huwaita makrofaji, maana yake walaji wakubwa. Mwaka 1882 mtaalamu Élie Metchnikoff aliona jinsi chembe hai zinavyomeza adui, na mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kila askari ana kituo chake. Katika maini, hukamata mikrobe zinazotoka matumboni. Katika bandama, huondoa chembe nyekundu za damu zilizozeeka, zilizoishi siku 120 hivi, na chuma chake hutumika kutengeneza damu mpya. Humo pia humeza chembe zenye vijidudu vya malaria. Kwa hiyo bandama ya mtoto anayeugua malaria mara kwa mara huvimba. Katika ubongo, husafisha mabaki ya chembe zilizokufa.

Katika mapafu, humeza mavumbi na mikrobe, na nyingi hutoka pamoja na makohozi. Lakini vumbi la kwatsi, lile jiwe gumu jeupe lenye kubeba dhahabu, haliyeyuki. Askari akilimeza, linampasua na kumwua. Mwenzake huja, hulimeza tena, naye hufa. Mahali pao hubaki kovu, na pafu hukakamaa. Huo ndio ugonjwa wa silikosi. Hauna dawa ya kuuponya.

Tena, askari wakidhoofika, mikrobe ya kifua kikuu hupata nyumba. Mwenye silikosi hupatwa na kifua kikuu mara tatu au zaidi kuliko mtu mwingine, na akikohoa anaweza kuambukiza watoto nyumbani.

Basi, fanya hivi:

1. Mwagia jiwe maji kabla ya kulitoboa au kulitwanga.
2. Usitegemee kitambaa puani: vumbi jembamba hupenya.
3. Usikae na mtoto mahali pa kutwangia.
4. Vua nguo za kazi na uoge kabla ya kumbeba mtoto.
5. Ukikohoa wiki mbili, ukitoka jasho usiku au ukikonda, nenda hospitali ya Fizi au ya Baraka upimwe makohozi.

Kifua kikuu hupona. Dawa hutolewa bure, kwa kawaida miezi sita. Usiziache katikati hata ukijisikia mzima.

Askari wako wanafanya kazi yao. Wasaidie kwa ndoo moja ya maji!